Povu zito, shaba inapotea: anza na udongo

Ndugu, unasema tangu mchimbe tabaka la juu, povu kwenye matangi ya kuelesha shaba (viputo vya hewa hunasa chembe za shaba na kuzipandisha juu) limekuwa zito, shaba inakimbilia kwenye mabaki yanayotupwa na kuongeza kolekta, dawa ya kufanya shaba ishikane na viputo, hakusaidii. Acha kwanza kuongeza dawa. Peleka sampuli ipimwe kwa eksirei ujue ni udongo gani, maana tiba hazifanani.

Udongo wa bentonaiti hunyonya maji na kuvimba. Tope linakuwa kama uji wa ulezi, hewa haisambai, chembe za shaba hazikutani na viputo. Hapo ongeza maji: kama yabisi (mawe yaliyosagwa ndani ya tope) ni asilimia 35, jaribu 25, hata 20.

Kaolini haivimbi hivyo, ila chembe zake laini huganda juu ya shaba, nyingine hubebwa na maji hadi kwenye povu na kuchafua makinikia, yaani unga wa shaba unaokusanywa. Silikati ya sodiamu huzitawanya, lakini ijaribiwe kidogo kidogo maabara. Ikizidi hukandamiza hata shaba. Talki huelea yenyewe, hiyo inataka CMC, dawa ya kuizuia isielee.

Mimi ningeanza na kuchanganya mawe, udongo mwingi usiingie kinuni kwa mkupuo. Haidrosaikloni (chombo kinachozungusha tope na kutenga chembe laini na nzito) ya kuondoa tope laini inafaa pia, ila pima shaba iliyomo kabla hamjalimwaga.