Mgonjwa Asiyesema: Majibu kwa Wenye Wanyama

Swali: Nilimpa paka wangu nusu kidonge cha parasetamoli kabla ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, kisha nikaona haya kumweleza. Ningesema, kungebadilika nini?

Kungebadilika mengi. Ini la paka haliwezi kuiondolea parasetamoli sumu yake ipasavyo, hivyo hata kipande kidogo cha kidonge cha mtu mzima kinaweza kumuua: chembe nyekundu za damu huharibika na kushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka kahawia au samawati, na uso huvimba. Ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo, asetilisisteini, ambayo hufaa zaidi inapowahi, na daktari asiyejua mnyama amemeza nini atazitumia saa hizo akitafuta ugonjwa usiokuwepo. Sikulaumu, kwani ulitaka kumpunguzia maumivu. Ikiwa paka bado hajapona, mpigie daktari sasa hivi, umtajie kiasi ulichompa na saa uliyompa.

Swali: Daktari aliniuliza kama paka wangu anakula vizuri, nikajibu ndiyo. Ilipobainika kuwa paka hakuwa akila, alinikaripia kwamba nimemdanganya.

Hukudanganya, ulijibu swali ulilopewa. Swali la ndiyo au hapana humvuta mwenye mnyama kwenye jibu la adabu, hasa akiwa na wasiwasi na wengine wakimsubiri mlangoni. Nami nililikosea sana jambo hili katika miaka yangu ya kwanza ya kazi. Siku hizi husema, “Nieleze alivyokula jana tangu asubuhi,” kisha hunyamaza. Hapo ndipo husikia kwamba chakula kilitengwa, paka akakinusa, akalamba mchuzi, akaenda kujilaza chini ya kitanda, na kwamba bakuli lililokutwa tupu lilimalizwa na paka mwingine. Maelezo hayo yana uzito wa kipimo cha maabara, kwa sababu paka asiyekula kwa siku chache, hasa aliye mnene, huweza kujaa mafuta kwenye ini hadi likashindwa kufanya kazi. Ukimkaripia mtu kwa jibu pungufu, safari ijayo ataficha zaidi.

Swali: Nilielekezwa kumchoma ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele sindano za siku tano. Siku ya pili alipata nafuu, nikaacha. Nimekosea?

Ndiyo, maana bakteria waliobaki huweza kuurudisha ugonjwa, na kuikatiza dawa bila ushauri ni hatari. Zungumza na daktari kabla ya kuianza tena. Hata hivyo najiuliza kama kuna aliyekueleza sababu ya hizo siku tano. Kabla hamjaagana na daktari, rudia maelekezo kwa maneno yako mwenyewe ili akurekebishe palipopotoka. Muulize pia maziwa yasubiri siku ngapi baada ya sindano ya mwisho kabla ya kunywewa au kuuzwa, kwa kuwa mabaki ya dawa humfikia anayeyanywa.

Swali: Mbwa wangu ni mpole nyumbani, lakini kliniki hung'aka. Daktari alinitaka nisimame kando. Je, ni dharau?

Sidhani. Mbwa husoma mwili wako: mkono unaokaza kamba na sauti inayopanda humwambia kwamba kuna hatari, ingawa wapo wanaotulia zaidi mwenyewe akiwa karibu, na daktari anapaswa kukueleza kwa nini amechagua hivyo. Hofu pia huvuruga vipimo. Sukari ya paka aliyeogopa huweza kupanda hadi akadhaniwa ana kisukari, na ng'ombe anayefuatwa kutokea nyuma kabisa, mahali asipoona, hushtuka na kupiga teke. Kama mbwa wako amewahi kumuuma mtu, sema kabla hajaguswa.

Swali: Sina fedha za vipimo vyote. Niseme lini?

Mwanzoni kabisa, kabla ya kipimo cha kwanza, na utaje kiasi ulicho nacho. Daktari akijua kiasi hicho, ataanza na kipimo ambacho matokeo yake yatabadilisha matibabu, na kile cha kuthibitisha tu kitasubiri.