Muulize Fundi: Mikono mia ya roboti

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana Kizota, Dodoma. Nimeunda mkono wa roboti wa kupanga magunia ya mashudu ya alizeti, fremu nimeichonga kwa alumini. Sasa wateja wanataka mikono mia. Ninunue CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya pili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera sana! Usinunue bado. Kuchonga kutoka bonge zima kunafaa sampuli; kwa mia, hela yako itaishia kwenye chenga sakafuni. Sehemu bapa zikate kwa leza, uzikunje. Vifundo, yaani viungio vya mkono, vimimine kwenye kalibu (umbo la kumiminia) ya mchanga. Alumini huyeyuka kwa nyuzi joto 660 za Selsiasi tu, tanuru dogo linatosha. Lakini ikipoa husinyaa, kwa mchanga yapata asilimia 1.3, kwa hiyo kielelezo (mfano unaoacha umbo mchangani) kiwe kikubwa kidogo na uache nyama, yaani unene wa ziada, ya kuchonga pale beringi inapokaa. Hapo ndipo CNC yako ifanye kazi, si kwingine. Kalibu ya chuma ya kumiminia kwa presha ni ghali mno. Iache mpaka oda zifike maelfu. Tengeneza mapema jigi ya kutobolea (kifaa cha kuongoza keekee itoboe palepale kila mara), maana matundu yakipishana, mkono wa kwanza na wa tisini haitabadilishana vipuri, na mteja wa Singida atakupigia wewe.