Kukimbia Mlima Elgon: Kocha Awajibu Wasomaji

SWALI: Kocha, mimi na wenzangu watatu tunaishi Kisumu na kila Jumamosi hukimbia kutoka Kondele hadi juu ya vilima vya Riat na kurudi. Mwezi wa Disemba tunataka kwenda katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon tukimbie hadi kilele cha Koitobos. Tumepanga kuondoka Ijumaa usiku, tukimbie Jumamosi, na Jumapili turudi nyumbani. Je, mpango huu unafaa, na tupitie njia gani? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Mwezi mmeuchagua vyema, kwa kuwa kuanzia Disemba hadi Februari mvua huwa chache na barabara za mbuga hupitika. Miguu pia mnayo, maana anayezoea mwinuko wa Riat hawezi kushangazwa na mteremko. Kinachonitia wasiwasi ni ile Ijumaa usiku. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo Koitobos ina mita 4,222. Mnakusudia basi kupanda zaidi ya mita 3,000 katika muda usiofikia siku moja, tena baada ya usiku wa kusinzia garini, na mkifika huko juu mtakuta kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Mwili huhitaji siku kadhaa ili upumuaji ujirekebishe, na majuma kadhaa ili uongeze chembe nyekundu za damu. Mazoezi ya Kondele, hata yawe makali namna gani, hayawezi kuchukua nafasi ya siku hizo.

Ningewashauri muondoke Alhamisi na mlale Kitale, mji ulio kwenye mita 1,900 hivi. Ijumaa asubuhi ingieni mbugani kupitia lango la Chorlim, baada ya Endebess, mkakimbie sehemu ya chini pekee. Humo mna barabara za udongo zinazopita katikati ya miti mikubwa ya podo na mizeituni ya msituni, zinazofikia mapango ya Kitum na Makingeny, kisha jabali la Endebess lenye mita 2,563, ambapo mtaiona nchi ya Trans Nzoia imetandazwa chini yenu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora ya kukimbilia katika mbuga nzima: ardhi ni imara, kivuli kipo, na kupanda kwake hakumkatishi mtu pumzi. Wengi huipuuza kwa sababu haina kilele cha kujivunia. Msiipuuze. Siku hiyo pia itawapa nafasi ya kumtambua aliye na maumivu ya kichwa kabla hamjampeleka juu zaidi.

Jumamosi pandeni kwa gari alfajiri, lango likifunguliwa tu, hadi mwisho wa barabara, ambao uko karibu na mita 3,500. Gari liwe la kuendesha magurudumu yote manne, kwa kuwa mvua moja ya usiku inatosha kuifanya njia hiyo iwe utelezi mtupu. Mtakuwa mmeuacha nyuma msitu na mianzi, na mbele yenu patakuwa na nyika ya juu, yenye mimea ya lobelia na senesio iliyo mirefu kumshinda mtu. Kutoka hapo hadi Koitobos kuna mita 700 hivi za kupanda. Nasema waziwazi kwamba hamtazikimbia zote. Njia hupita kwenye nyasi za mafungu zinazoficha mashimo na mawe, na mguu ukitua pembeni ya fungu, kifundo kitageuka. Tembeeni kwa hatua fupi penye mwinuko, kimbieni palipo tambarare, na akiba ya nguvu zenu iwekeni kwa ajili ya kushuka, ambako ndiko wakimbiaji huumia zaidi kwa kuwa mapaja yamechoka ilhali macho yamekwisha kuona gari.

Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, wala msiijadili mkiwa njiani. Mimi ningesema saa sita mchana, mfike kileleni msifike, kwa maana mawingu ya alasiri huja na radi, na juu ya nyika ile mkimbiaji ndiye kitu kirefu kilichosimama. Kichwa kikimuuma mmoja wenu aache kupanda. Akianza kutapika, kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi, ashushwe mara moja, hata kama kilele kinaonekana. Baadaye shukeni mkalale chini mbugani au Endebess, msipige kambi mwisho wa barabara, kwa kuwa mwili hustahimili siku moja ya juu vizuri zaidi kuliko usiku mmoja wa juu. Kuhusu mavazi nitasema machache: joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila mnapopanda mita 1,000, kwa hiyo kila mmoja abebe mgongoni koti la mvua, sweta, kofia na glavu, hata kama jua la Chorlim litawacheka.

SWALI: Kocha, nimezoea kukimbia peke yangu asubuhi na mapema ukingoni mwa Menengai. Je, katika Mlima Elgon ni lazima niandamane na askari? Na mbona katika Ziwa Nakuru mtu haruhusiwi kabisa kukimbia, ilhali Longonot anaruhusiwa? – Msomaji wa kike, Nakuru

JIBU: Dada, jibu la maswali yote mawili ni wanyama. Mbuga ya Ziwa Nakuru imezungushiwa ua na ndani yake mna simba, vifaru na nyati, kwa hiyo mgeni hubaki garini isipokuwa mahali palipotengwa. Longonot hali ni tofauti, na watu huzunguka ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, kwa miguu kila siku. Mlima Elgon uko katikati: unaruhusiwa kwenda kwa miguu, lakini msituni mna ndovu, nyati na chui, na ndiyo sababu unapaswa kuwasiliana mapema na ofisi ya mbuga ili upangiwe askari mwenye silaha wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni kwamba askari huyo atakuja na buti zito na bunduki begani, na hatakimbia kwa kasi yako. Mbio zako zitafuata mwendo wake. Wako wanaolalamika kwamba wamelipa ada ili watembee, nami siwaungi mkono. Hatari kubwa msituni ni kumtokea nyati ghafla kwenye kona, na hakuna anayemtokea mnyama ghafla kuliko mkimbiaji: huja kwa kasi, viatu vyake havina kishindo, na mara nyingi ameziba masikio kwa muziki. Mianzini na msituni tembea, zungumza kwa sauti, piga makofi kabla ya kona, na masikio yaache wazi. Kukimbia kwa uhuru subiri ufike nyikani, ambako unaona mbali na askari anakuona. Ile tabia yako ya kutoka kabla ya jua kuchomoza iache Menengai, maana alfajiri ndipo ndovu wanaporejea kutoka mapangoni.

Ukitaka kujipima kabla ya kwenda Elgon, Longonot iko katika kaunti yako. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita tatu hivi, kuuzunguka ukingo ni saba na zaidi kidogo, na sehemu yake ya juu kabisa ina mita 2,776. Vumbi la majivu ya volkano litakufundisha kushuka kwa hatua nyepesi.

SWALI: Nina wanafunzi wa mbio za nyikani ambao ningependa kuwapeleka Elgon. Tunaweza kupumzika ndani ya pango la Kitum? – Mwalimu, Bungoma

JIBU: Mwalimu, wapeleke waone mdomo wa pango, lakini wasipumzikie ndani. Kitum limeingia mlimani kwa takribani mita 200, na ndovu huingia humo usiku kukwangua kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Watoto wataziona alama za pembe ukutani, nazo zinatosha kuwa somo. Wakazi wengine wa pango ni popo. Mwaka wa 1980 na tena 1987, mgeni mmoja kila mara aliyekuwa amezuru Kitum aliugua homa ya Marburg, ambayo huletwa na virusi, na kufariki, na popo wa matunda wanajulikana kubeba virusi hivyo. Visa ni vichache sana ukilinganisha na idadi ya waliokwisha kuingia, lakini kikosi kinachohema kwa nguvu na chenye mikwaruzo magotini hakina haja ya kukaa juu ya kinyesi cha popo. Wapumzikie nje, penye jua, baada ya askari kuhakikisha kwamba hakuna mnyama karibu.

SWALI: Tukishafika Koitobos, je, tunaweza kuendelea hadi Wagagai? – Msomaji, Kitale

JIBU: Hamwezi kufanya hivyo kienyeji. Wagagai, chenye mita 4,321, ndicho kilele kirefu zaidi cha mlima huu, lakini kiko Uganda, ng'ambo ya kreta yenye upana wa takribani kilomita nane. Mkivuka hapo mmevuka mpaka, na taratibu za uhamiaji pamoja na ruhusa ya mamlaka za mbuga za nchi zote mbili hukamilishwa kabla ya kupanda. Mkiwa na nguvu zilizobaki, mwombeni askari awateremshe ndani ya kreta upande wa Kenya hadi chemchemi za maji moto, mahali Mto Suam unapoanzia bonde lake, mradi mkumbuke kwamba kila mita mnayoshuka humo mtaipanda tena kabla ya kulifikia gari.