Uliza Ujibiwe: Mama mkwe ana miaka 68, mazoezi ya nini tena?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 36, nina duka la vipodozi Mbagala, nakaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka saa mbili usiku. Nina watoto wawili, miaka 9 na miaka 3, huyu mdogo nashinda naye dukani. Mama mkwe wangu ana miaka 68 na ana presha, tunaishi naye. Mume wangu kaanza kukimbia jioni, anataka nyumba nzima tufanye mazoezi. Nimemwambia mama tumuache apumzike, keshafanya kazi sana. Nani anatakiwa afanye, na kiasi gani?
Mama wa wawili, Dar

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Niruhusu nianze na mama maana hapo ndo nimeguswa. Najua unamuonea huruma, lakini mtu mzima ukimkalisha kutwa, chai unamletea, ndoo unamshikia, miguu inaisha nguvu taratibu na siku akiteleza bafuni ndo mnaanza kuhangaika na nyonga. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema wa miaka 65 na kuendelea afanye kama nyie tu, dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kutembea kwa kukaza mwendo, halafu yeye anaongezewa mazoezi ya kusimama imara, siku 3 au zaidi kwa wiki. Yani yeye ndo kaongezewa, sio kapunguziwa!

Wewe na mume wako ni hizo hizo 150 mpaka 300, akikimbia anaweza kufanya nusu yake. Kipimo ni rahisi, ukitembea uweze kuongea ila kuimba pumzi isikutoshe. Na siku 2 kwa wiki misuli ifanye kazi, hata dumu la lita 5 ulinyanyue mara kumi kumi. Sio lazima uifanye yote kwa mkupuo, siku hizi hata dakika tano zinahesabika, kwahiyo ukishuka kituo kimoja kabla ya dukani ushaanza.

Wa miaka 9 ni saa nzima kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki awe anakimbia na kuruka sana maana mifupa inajengeka kwa kurukaruka. Rede, kombolela, kamba, muache achafuke tu. Huyo wa miaka 3 ndo mwenye nyingi kuliko wote, dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kuhema kabisa, na asikae kitini zaidi ya saa moja mfululizo wala simu isizidi saa moja kwa siku. Najua dukani ni kazi, lakini hapo nje ya mlango anaweza kucheza unamuona.

Kwa mama anzeni kidogo kidogo. Ashike fremu ya mlango, anyanyue mguu mmoja, ahesabu mpaka kumi, abadilishe. Akitaka kuinuka kwenye kiti ajaribu bila kujishika, wewe simama karibu. Akisikia kizunguzungu au kifua kubana aache hapo hapo mumuwahishe hospitali, na siku ya kliniki ya presha mwambieni daktari anachofanya. Na asubuhi ukienda sokoni, mwambie mama twende wote.