Maswali ya Wasomaji: Kuiweka Saa ya Seva ya Linux Katika Majira Sahihi

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zote zinahusu saa za seva. Katika majibu tumetumia mifano ya programu ya chrony, kwa kuwa inapatikana katika matoleo makuu yote ya Linux na, kwa maoni yetu, ndiyo inayozifaa seva nyingi kuliko nyingine.

Swali: Ndugu Mhariri, seva zetu zilikuwa zikipishana kwa sekunde kadhaa, hivyo nikaweka amri ya ntpdate kwenye cron, yaani ratiba ya mfumo ya kuendesha amri kwa wakati uliopangwa, ili kila siku saa sita usiku izitie saa zote majira upya. Tofauti imepungua, lakini katika hifadhidata baadhi ya rekodi zilizoingia baadaye sasa zinaonekana kana kwamba zilitangulia, na programu moja inayopima muda wa kazi imetoa jibu la sekunde hasi. Je, kosa ni la saa au ni la programu zetu?

Jibu: Ndugu msomaji, kosa liko zaidi katika njia mnayotumia kurekebisha saa. Ndani ya seva kuna saa mbili. Ya kwanza iko kwenye bodi mama, inalishwa na betri ndogo, na kazi yake ni kutunza majira mashine ikiwa imezimwa. Ya pili ni saa ya mfumo, ambayo kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) huihesabu tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, yaani majira ya pamoja ya dunia, nayo ndiyo inayosomwa na programu zote. Mashine inapowashwa, saa ya mfumo huchukua majira kutoka ile ya bodi mama, na baada ya hapo kila moja huenda kwa mwendo wake. Mwendo huo unategemea fuwele inayotetemeka, na hakuna fuwele mbili zinazotetemeka kwa kasi iliyo sawa kabisa. Hata fuwele ileile hubadili kasi yake joto la ndani ya mashine linapopanda au kushuka. Fuwele iliyopotoka kwa sehemu 20 tu katika kila milioni huipeleka saa mbele au huichelewesha kwa sekunde 1.7 kila siku, yaani kama sekunde 52 kwa mwezi.

Sasa tuitazame saa sita usiku kwa karibu. Tuseme saa ya seva imetangulia kwa sekunde 1.7. Amri ya ntpdate inapokuta tofauti inayozidi nusu sekunde, huirusha saa papo hapo hadi kwenye majira sahihi. Rekodi ya kwanza inaandikwa saa ya seva ikisoma 00:00:01.9. Ikifika 00:00:02.0, saa inarushwa nyuma na kusoma 00:00:00.3. Sehemu mbili za kumi za sekunde baadaye inaingia rekodi ya pili, nayo inapigwa muhuri wa 00:00:00.5. Rekodi iliyofuata sasa inaonekana kuitangulia ya kwanza kwa sekunde 1.4, na kazi iliyoanza wakati wa rekodi ya kwanza na kumalizika wakati wa rekodi ya pili inaonekana kuchukua sekunde 1.4 hasi. Kila kilichoandikwa kwenye daftari la hifadhidata ni kile ambacho saa ilisema, ila saa yenyewe ndiyo iliyorudi nyuma.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba saa ya seva inayofanya kazi haipaswi kurushwa, inapaswa kuongozwa. Chronyd, ile sehemu ya chrony inayofanya kazi nyuma ya pazia, hukaa macho muda wote, hulinganisha saa ya mfumo na vyanzo vya nje (seva nyingine zinazotoa majira), hukadiria fuwele yenu imepotoka kwa kiasi gani, kisha huiagiza kerneli iongeze au ipunguze mwendo wa saa. Saa iliyotangulia hupunguziwa mwendo hadi majira ya kweli yaifikie, na wakati wote huo kila sekunde huja baada ya mwenzake kwa utaratibu. Kwa kawaida chronyd hairuhusu mwendo ubadilishwe kwa zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi na mbili, kwa hiyo hata tofauti yenu ya sekunde 1.7 inaweza kufutwa kwa muda wa kama sekunde 20 bila saa kurudi nyuma hata kidogo. Baada ya siku ya kwanza tofauti kubwa namna hiyo haitakuwapo tena, maana upotofu wa fuwele utakuwa umeshajulikana na kuandikwa katika faili linalotajwa na mstari wa driftfile, ambalo chronyd hulisoma kila inapoanza upya.

Ondoeni kabisa ule mstari wa cron. Sakinisheni chrony, na mhakikishe kwamba programu nyingine ya kurekebisha saa, kama systemd-timesyncd au ntpd, haifanyi kazi kwenye mashine hiyohiyo, kwa kuwa programu mbili zinazoisukuma saa moja huharibiana kazi. Katika faili la mpangilio, ambalo ni /etc/chrony/chrony.conf kwa jamii ya Debian na /etc/chrony.conf kwa jamii ya Red Hat, uwepo mstari wa makestep 1.0 3, unaoruhusu saa irushwe pale tu tofauti inapozidi sekunde moja na ndani ya marekebisho matatu ya kwanza baada ya chronyd kuanza, yaani kabla huduma nyingine hazijaanza kuitegemea. Uwepo pia mstari wa rtcsync, ambao huifanya kerneli inakili majira sahihi kwenye saa ya bodi mama kila baada ya dakika 11.

Waandaaji wa programu zenu nao wana sehemu yao. Muda wa kazi usipimwe kwa kutoa saa ya kuanza kwenye saa ya kumaliza; kerneli ina saa maalumu kwa ajili hiyo, CLOCK_MONOTONIC, ambayo hairudi nyuma hata saa ya kawaida ikirushwa.

Swali: Ninatumia chrony na nimeweka chanzo kimoja tu cha majira. Mwenzangu anashauri viwe viwili. Tena, amri ya chronyc sources inanionyesha alama nisizozielewa, na ningependa kujua saa yangu inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani.

Jibu: Viwili ni idadi mbaya kuliko zote. Ukiwa na chanzo kimoja, utakosea pamoja nacho, lakini angalau utakuwa na msimamo mmoja. Ukiwa na viwili na vikatofautiana, chronyd haina namna ya kujua kipi ni cha kweli. Vitatu huwezesha viwili vinavyokubaliana kumshinda mwongo mmoja. Sisi tunapendekeza vinne, ili kimoja kikizimika vibaki vitatu. Mstari mmoja wa pool pool.ntp.org iburst unatosha, kwa kuwa neno pool huifanya chronyd ichukue hadi seva nne kutoka kwenye jina hilo.

Katika orodha ya chronyc sources, nyota huonyesha chanzo kilichochaguliwa, na alama ya kujumlisha huonyesha vile ambavyo vipimo vyake vinachanganywa na cha nyota. Alama ya kutoa isikutie hofu; chanzo hicho kinakubalika ila hakitumiki kwa sasa. Herufi x inamaanisha kwamba chanzo kinapingana na wengi na kimehukumiwa kuwa mwongo. Alama ya kuuliza huonyesha chanzo kisichojibu au ambacho bado hakijapimwa vya kutosha. Tazama pia safu ya Reach. Imeandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane, hivyo 377 maana yake ni kwamba maombi manane ya mwisho yote yamejibiwa. Ukiona sifuri kwa vyanzo vyote, kabla ya kugusa jambo lingine kagua kama ukuta wa moto wa mtandao wenu unaruhusu pakiti za UDP kwenda kwenye mlango namba 123 na majibu yake kurudi. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote.

Kuhusu ukubwa wa kosa, inafaa kwanza kuona NTP, itifaki ya kupeana majira mtandaoni ambayo chrony huitumia, aliyoibuni David L. Mills na ambayo maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 1985, inavyopima. Seva yako inatuma ombi saa yake ikisoma milisekunde 100. Chanzo kinalipokea saa yake ikisoma 160 na kujibu ikisoma 161. Jibu linakufikia saa yako ikisoma 141. Safari nzima imechukua milisekunde 41 kwa saa yako, na ukiondoa ile moja ombi lilipokaa kwenye chanzo, zinabaki 40 za njiani. Itifaki inachukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa, milisekunde 20 kila upande, na hivyo inahitimisha kuwa saa yako imechelewa kwa milisekunde 40. Lakini kama kwenda kulichukua 30 na kurudi 10, jumla ya njiani ni ileile 40, nawe hutagundua tofauti, ilhali hitimisho limekosea kwa milisekunde 10. Kosa la namna hii haliwezi kuzidi nusu ya muda wa njiani, na ndiyo maana chanzo kilicho karibu kimtandao kina thamani kubwa kuliko chanzo chenye sifa kubwa kilicho mbali.

Kwa hiyo fungua chronyc tracking na usome mistari mitatu: System time, Root delay na Root dispersion. Jumlisha thamani ya kwanza, nusu ya ya pili, na ya tatu yote. Kama System time ni sekunde 0.00004, Root delay ni 0.024 na Root dispersion ni 0.001, kosa lako halipaswi kuzidi milisekunde 13 hivi, almradi vyanzo vyenyewe ni vya kweli. Kwa kawaida kosa halisi ni dogo zaidi, lakini kikomo hiki ndicho unachoweza kukitetea mbele ya mkaguzi. Usihukumu chanzo kwa tabaka lake pekee; tabaka la 1 linaeleza tu kwamba chanzo kimeunganishwa moja kwa moja na kifaa cha majira kama vile kipokezi cha GPS au saa ya atomu.

Swali: Seva zetu nyingi ni mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya mashine halisi, na ndani yake tunaendesha kontena, yaani programu zilizotengwa zinazotumia kerneli moja. Je, tusakinishe chrony kila mahali? Mashine pepe iliyosimamishwa kwa muda inapoendelea huwa nyuma kwa dakika nyingi.

Jibu: Kontena hutumia saa ya kerneli ya mashine inayozibeba, hivyo msiweke chrony ndani yake, itunzeni saa ya mashine hiyo, nazo kontena zote zitakuwa sahihi. Mashine pepe ina kerneli yake na saa yake ya mfumo, kwa hiyo inahitaji chrony.

Tatizo la kusimamishwa lina maelezo. Mashine iliyolala kwa saa moja inaamka muda mrefu baada ya yale marekebisho matatu ya kwanza kupita, hivyo chronyd hairuhusiwi kurusha saa na inabaki kuisukuma taratibu. Kwa kikomo cha sehemu moja ya kumi na mbili, kuifikia hiyo saa moja kutachukua kama saa 12. Njia tunayoipendelea ni kuendesha chronyc makestep mara mashine inapoendelea, kabla ya kuirudishia kazi. Mpangilio wa makestep 1.0 -1 huruhusu kurusha wakati wowote, nao unafaa pale mashine zinaposimamishwa mara kwa mara bila mtu kuangalia, ila mkumbuke kwamba unaruhusu pia kurusha nyuma. Kama mwenyeji, yaani mashine halisi inayobeba mashine pepe, anatumia KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe), moduli ya ptp_kvm hutoa kifaa cha /dev/ptp0, na mstari wa refclock PHC /dev/ptp0 poll 2 utaiwezesha mashine pepe kusoma saa ya mwenyeji bila kupitia mtandao kabisa. Chochote mtakachochagua, zimeni huduma ya kulinganisha saa iliyomo katika zana za mwenyeji, ili saa iwe na msimamizi mmoja.

Swali: Mtandao wetu hauruhusiwi kuunganishwa na intaneti. Tutapata wapi majira?

Jibu: Angani. Kipokezi cha GPS chenye waya wa mpigo wa kila sekunde, kikiunganishwa na seva mbili au zaidi, kinatoa majira yenye kosa la mikrosekunde, na antena yake inahitaji tu kuona anga vizuri. Seva hizo ziwe na mstari wa allow kwa anwani za ndani, na mashine nyingine zote zichukue majira kwao. Ongezeni mstari wa local stratum 10 orphan ili GPS ikipotea seva hizo zikubaliane juu ya mmoja wa kufuatwa. Bila GPS mpangilio huo bado una manufaa, kwa kuwa mashine zote zitakubaliana zenyewe kwa zenyewe, na mambo kama Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji mtandaoni, ambayo kwa kawaida hukataa tofauti inayozidi dakika tano, yataendelea kufanya kazi hata kama wote mmepishana na dunia.

Swali: Tujiandae vipi kwa sekunde ya nyongeza?

Jibu: Sekunde hiyo huongezwa kwenye UTC ili isiachane na mzunguko wa dunia. Sekunde 27 zimeongezwa tangu mwaka 1972, ya mwisho ikiwa mwishoni mwa tarehe 31 Desemba 2016, na Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo wa mwaka 2022 uliamua kwamba utaratibu huu ubadilishwe ifikapo mwaka 2035. Hofu ina msingi: sekunde ya tarehe 30 Juni 2012 ilifichua hitilafu ya kerneli iliyofanya vichakataji vya seva nyingi za Linux vielemewe. Kerneli za sasa zimerekebishwa. Linalobaki ni uchaguzi wa vyanzo. Baadhi ya seva za majira, zikiwemo za Google, huisambaza sekunde hiyo kidogo kidogo kwa saa 24, na ndani ya muda huo hutofautiana na UTC kwa hadi nusu sekunde. Ukizichanganya na vyanzo vya kawaida katika faili moja, chronyd itaona makundi mawili yanayopingana. Chagua kundi moja, na ulitumie kwenye seva zote zinazosomeana rekodi.