Mbudya na Bongoyo na watoto: tazama maji kabla ya boti

Likizo inakaribia, na barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wazazi wanaotaka kuwavusha watoto visiwani wakaone samaki kwa miwani na mrija wa kupumulia. Tumechagua maswali manne.

Swali: Ndugu Mhariri, tuko sita, watoto wana miaka 5, 8 na 12. Tunataka kwenda Mbudya au Bongoyo mwezi Desemba. Jirani yetu alikwenda Jumamosi moja asubuhi akakuta maji yamekwenda mbali, wanawe wakaishia kutembea juu ya mawe. Twende kisiwa kipi, na saa ngapi? — Mama wa watatu, Tabata

Jibu: Mama, jirani yako aliangukia bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, hapa Dar es Salaam maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, kisha hujaa saa kumi hivi jioni. Tofauti ya kina hupita mita 3. Asubuhi hiyo boti haisogei ufukweni, mnashukia mbali, na matumbawe yamebaki kwenye maji ya magotini. Mtoto akichoka husimama juu yake: yeye anachanika mguu na tumbawe linavunjika. Mkondo nao huwa mkali zaidi saa ya tatu na ya nne tangu maji yageuke. Mtoto aliyeinamisha uso akitazama samaki hatambui kwamba anachukuliwa.

Kwa hiyo chagueni siku kwanza, boti baadaye. Siku nzuri kwa familia ni za maji mafu, yaani maji yasiyopwa wala kujaa sana: tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi mwandamo. Siku hizo maji hujaa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na mkondo ni dhaifu. Hakikisheni kwa jedwali la kupwa na kujaa, kisha ingieni majini saa moja kabla ya kujaa na mtoke saa moja baada yake. Muda huo unatosha. Mtoto wa miaka 5 huweza kuanza kutetemeka baada ya nusu saa hata maji yakiwa ya uvuguvugu.

Desemba ni mwanzo wa upepo wa kaskazi, bahari huwa nzuri, ila mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo. Ikinyesha kubwa, mito hutoa tope na hamtaona kitu. Ahirisheni siku mbili tatu.

Kuhusu kisiwa, kwa mtoto wa miaka 5 tunapendelea Mbudya. Kutoka Kunduchi ni kama dakika 20, wakati Bongoyo kutoka Msasani ni kama nusu saa. Vyote ni maeneo tengefu tangu 1975, kwa hiyo kuvua, kuokota makombe na kuvunja matumbawe ni marufuku, na kuna kiingilio ambacho mara nyingi hakimo kwenye nauli ya boti. Bebeni vitambulisho, maana kiwango cha raia ni cha chini. Kaeni upande wa magharibi uliokingwa. Wa mashariki unapokea mawimbi ya bahari kuu. Waambieni watoto watulie na kusikiliza wakiwa na uso ndani ya maji: samaki waitwao pono wakitafuna mwamba husikika kabisa, kama mtu anayetafuna bisi.

Swali: Nimepewa bei mbili za boti, moja karibu nusu ya nyingine. Nitajuaje kama rahisi ni salama? — Baba, Ubungo

Jibu: Usimalizie mazungumzo kwenye simu wala kwa dalali wa ufukweni. Nenda uione boti yenyewe, ikiwezekana siku moja kabla, na uzungumze na nahodha.

Mwombe akutolee majaketi okozi yote, uyahesabu. Lazima kila abiria awe na lake, na ya watoto yawe ya watoto. Hapo ndipo boti nyingi za bei rahisi hukwama: zina ya watu wazima tu. Mvishe mwanao, funga mikanda yote, kisha shika mabega ya jaketi uvute juu. Likipanda mpaka masikioni, majini litamvuka kichwani. Jaketi la mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu.

Tazama ngazi ya kupandia kutoka majini. Boti isiyo na ngazi maana yake ni kuvutwa mikono juu ya ukingo, na mtu mzito hupandia karibu na mashine kwa sababu ndipo palipo chini. Muulize nahodha: mashine inazimwa kabla mtu wa kwanza hajaruka? Nani anabaki botini akiwatazama waogeleaji? Unafunga kwenye boya au unatupa nanga, na unaitupa wapi? Nahodha mzuri hujibu mara moja kwamba nanga yake huangukia mchangani. Angalia pia turubai la kivuli, kasia, mafuta ya akiba, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, na cheti cha ukaguzi wa chombo chenye idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Abiria wakizidi idadi hiyo hata kwa mtu mmoja tu, shukeni. Nauli mtakayopoteza si kitu.

Swali: Mwanangu wa miaka 7 hajui kuogelea vizuri. Je, ile miwani inayofunika uso mzima haitamfaa zaidi? — Dada, Mbezi

Jibu: Hapana, dada. Ile ya uso mzima ikiwa kubwa kwa mtoto, hewa aliyoitoa hubaki ndani naye huivuta tena, na maji yakiingia hawezi kuivua upesi. Mnunulie ya kawaida yenye mpira laini. Iweke usoni pake bila kufunga mkanda, mwambie avute hewa kwa pua: ikishika yenyewe, inamtosha. Nywele au ukingo wa hijabu ukipita chini ya mpira, maji yataingia tu. Mrija uwe wa mtoto, mfupi na mwembamba.

Afanye mazoezi kwenye bwawa la kina cha kiuno kabla ya safari, mara kadhaa: kupumua kwa mdomo, kutoa maji mrijani kwa kupuliza kwa nguvu, kugeuka chali akichoka. Kisiwani avae jaketi muda wote, na mtu mzima awe wa kumfikia kwa mkono. Nguo ya mikono mirefu ni bora kuliko mafuta ya jua peke yake, kwani mgongo ndio unaoungua.

Swali: Mtu akikanyaga wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba, afanyeje? — Msomaji, Mbagala

Jibu: Toa kwa kibano miiba inayoonekana, bila kuchimba. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Ayapime mtu mwingine kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu hauhisi joto sawasawa. Kisha osha kwa maji safi na sabuni. Ikiwa mwiba umeingia kwenye kiungo, au mguu umevimba na kuwa mwekundu siku inayofuata, nenda hospitali. Bebeni chupa ya chai yenye maji ya moto na kibano, na kila mtu avae viatu vya mpira anapotembea kwenye maji madogo.