Darubini ya akromati ndefu au ya apokromati fupi: nilivyoona mwenyewe hapa Moshi

Mkuu uliyeuliza kama ununue darubini ya lenzi ya aina ya akromati, yenye kipenyo cha mm 102, sasa hivi au ujibane mwaka mzima ufikie apokromati ya mm 80: zote mbili ninazo hapa Kiborloni, na kabla yake nilianza na akromati fupi ya mm 80, f/5 (yaani mwanga hukutana umbali wa mara 5 ya kipenyo cha lenzi). Kama unatazama kwa jicho tu, usisubiri, chukua hiyo akromati ikiwa ni ndefu. Ila tafadhali soma mpaka kwenye stendi, kwa sababu mimi stendi ndiyo iliyonitesa kuliko lenzi.

Lenzi moja hupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, kwa hiyo kila rangi hukutana umbali wake. Akromati ina lenzi mbili za vioo vya aina tofauti, mbinu ambayo John Dollond aliipatia hataza Uingereza mwaka 1758. Nyekundu na buluu zinakutana, zambarau inabaki nje. Apokromati hutumia kioo cha ED (kioo kinachotawanya rangi kidogo) au floriti (madini yenye sifa hiyo hiyo), na hiyo zambarau nayo inarudi karibu kabisa na wenzake.

Ile f/5 ilinivunja moyo. Nikikuza mara 80, Mshtarii inazungukwa na ukungu wa zambarau na mikanda yake inafifia. Kwenye mm 102 ya f/10 ukungu ulipungua sana, ingawa haukuisha. Kuna hesabu ya zamani: chukua kipenyo kwa inchi, zidisha mara 3, hiyo ndiyo f itakayokupa picha safi. Inchi 4 zinataka f/12, kwa hiyo f/10 imekaribia.

Apokromati inashinda waziwazi kwenye vitu vyenye mwanga mkali: Zuhura, Sirius, ukingo wa mwezi, na Alpha Centauri, ambayo ni nyota mbili zilizosogeleana na zote zinawaka sana. Lakini ukigeukia Kilimia au kishada cha nyota cha Omega Centauri, sijawahi kuona tofauti ya rangi hata kidogo. Nyota hafifu hazina mwanga wa kutosha kuonyesha ukungu huo. Hapo mm 102 inaongoza, maana inakusanya mwanga zaidi ya mm 80 kwa asilimia 60 hivi.

Sasa stendi. Sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, na sayari zinapita juu sana, mara nyingine utosini kabisa. Bomba la mita moja likielekea juu, mahali pa kuchungulia panashuka mpaka usawa wa magoti. Nimetazama Zohali nikiwa nimepiga magoti kwenye majani yenye umande, na nikisogeza kidogo tu bomba linagonga mguu wa tripodi. Stendi ya ikweta, ile ambayo mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga (pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka), ndiyo usiiguse kabla hujauliza inashuka hadi nyuzi ngapi. Kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 3 tu juu ya upeo wa macho. Yangu haikufika huko, na nilipoilazimisha, uzito wa kusawazisha uligonga miguu. Nikaiacha, nikachukua kichwa cha kawaida cha juu-chini na kulia-kushoto, na fundi wa mageti wa Majengo akanichomelea nguzo ya bomba la chuma yenye urefu wa mita moja na nusu. Tangu hapo ninatazama nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na picha haitetemeki.

Apokromati yangu ni ya nusu mita tu. Haina shida hizo, na inaingia kwenye begi la mgongoni. Nikitaka giza napanda nayo gari la Sanya Juu, kitu ambacho ile ndefu hainiruhusu. Kwa hiyo kama huna mahali pa kusimika nguzo, au unataka kupiga picha, basi subiri apokromati. Kamera huona zambarau kuliko jicho, na haisamehi.

Jihadhari na maandishi yaliyo kwenye darubini. Herufi ED pekee hazitoshi, muulize muuzaji ni kioo gani, FPL-51 au FPL-53. Hiyo ya pili ndiyo inayobana rangi vizuri zaidi.

Kama darubini imeshatumika na mtu na iko Moshi, mwombe mwenyewe muitazame pamoja alfajiri kabla Kibo haijafunikwa na mawingu. Kuza mara 80 au zaidi, lenga pale barafu inapokutana na mwamba mweusi. Kwenye f/5 yangu ukingo ule ulikuwa na utepe wa zambarau upande mmoja na wa njano-kijani upande wa pili. Kwenye apokromati barafu ni nyeupe hadi mwisho.